Maji ya Moto kwenye Jaa la Anipa

Lilianza na nepi. Asubuhi moja Anipa alichukua nepi mbichi za mjukuu wake, akaenda kuzianika juu ya rejeta, kile chuma cha ukutani kinachopasha joto, chumbani kwa mkwewe kama alivyozoea, na ya kwanza ilipogusa chuma ikalia chwaa, ikatoa moshi. Akaivuta haraka. Ilikuwa imeshika alama ya kahawia, kama imepigwa pasi na mtu anayesinzia.

"Burulcha! Wewe ndiye uliyetia makaa?"

"Mimi? Mama, hata kitandani sijatoka."

Kweli hakuwa ametoka. Mzazi ambaye mtoto wake hajatimiza arobaini haingii kwenye chumba cha boila, kuna vumbi na upepo, na hata angejaribu Anipa angemrudisha kwa ufagio. Anipa mwenyewe ndiye aliyeilisha boila ile, ndoo ya makaa ya mawe asubuhi na ndoo nyingine jioni, na asubuhi hiyo alikuwa bado hajaipa kitu.

Akatupia shali kichwani, akaenda kuangalia. Boila ilikaa katika banda lililoegemea ukuta wa jikoni na wa chumba cha Burulcha. Alifungua mlango wa moto akachungulia: makaa yalikuwa yamefifia, wekundu kidogo tu chini ya majivu, moto ambao usingechemsha hata birika la chai. Lakini mshale wa geji ya joto ulikuwa umevuka tisini na unatetemeka, na ndani ya mabomba maji yalikuwa yakigonga, ko, ko, kisha kimya, kisha ko. Kulikuwa na harufu pia, harufu ya kichwa cha kondoo kinapobabuliwa manyoya. Na mtaa mzima hakuna aliyechinja.

Anipa hakuwa mwoga. Alikuwa mjane mwenye ulimi mkali, aliyeshindana na baridi ya milima ya Naryn maisha yake yote, na mwanawe wa pekee, Taalai, alikuwa Urusi akiendesha lori, kwa hiyo nyumba ile mwanamume wake alikuwa yeye. Kilichomtia hofu si boila, ni kitanda kilichokuwa upande wa pili wa ukuta. Burulcha alikuwa amezika watoto wawili kabla ya huyu, wote ndani ya arobaini, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Huyu wa tatu walimwita Kuchuk, yaani mtoto wa mbwa, ili kila kinachosikiliza kidhani si wa thamani. Jina lake alilosomewa sikioni hakuna aliyelitamka.

Sasa fikiria. Nje mate yanaganda kabla hayajafika chini. Ukizima moto, kabla ya jua kuzama maji yataganda ndani ya rejeta, chuma kitapasuka, na mtoto hana pa kulala. Ukimhamishia kwa jirani umemtoa nje kabla ya arobaini, jambo ambalo Anipa asingelifanya hata nyumba ingeanguka. Na ukiacha maji yaendelee kuchemka, ipo siku boila itaachia na kuupeleka ukuta kwenye kile kitanda. Basi akampigia simu Sadyr.

Sadyr alikuwa mtoto wa binamu ya marehemu mumewe, fundi wa mabomba, mnene, mcheshi, asiyeisha maneno. Aliingia akipangusa barafu kwenye masharubu.

"Shangazi, mbona hivi? Umepika supu humu ndani?"

"Tazama geji uache domo."

Akatazama. Akapiga mluzi. "Umeme ulikatika? Umeme ukikatika pampu inasimama, maji hayazunguki, yanachemkia hapa hapa."

"Haukukatika. Isikilize, pampu inalia."

Sadyr akashika bomba linalopeleka maji nyumbani, akautoa mkono akipuliza vidole. Akashika lile linalorudisha. "Baridi kama pua ya mbwa. Basi ni rahisi, shangazi. Maji yanatoka na hayarudi. Ama kuna hewa, ama kuna uchafu umeziba." Akazunguka vyumbani akifungua koki ndogo za rejeta, moja moja, akitoa hewa, akimtania Burulcha kwamba mtoto amefanana naye kwa tumbo. Hewa iliyotoka ilikuwa na ile harufu ya kubabua. Burulcha akaziba pua ya mtoto kwa ncha ya shali.

Kisha Sadyr akarudi bandani, akafunga koki za pande zote mbili, akafungua chujio lililo mbele ya pampu. Anipa alimshikia tochi. Alitarajia kutu, au matope meusi yanayozoeleka. Kilichotoka kilikuwa nywele. Nyembamba, nyeupe, zilizolowa, zimejisokota shungi nzima, laini kama nywele ambazo mtoto huzaliwa nazo na ambazo bado hazijanyolewa.

Sadyr alizigeuzageuza kwa ncha ya spana.

"Za paka," akasema mwishowe.

"Maji yanazunguka ndani ya chuma kilichofungwa, Sadyr. Huyo paka aliingilia wapi?"

"Shangazi, mimi ni fundi, si paka. Nimesafisha. Angalia geji."

Mshale ukashuka kweli. Themanini, sabini, ukatulia chini kidogo ya hapo. Sadyr akanywa chai ya maziwa, akala mandazi yao ya mafuta sahani nzima, akaondoka akiimba. Zile nywele alikuwa amezitupa kwenye moto, na moto haukuziunguza. Anipa alizikuta jioni juu ya majivu, nyeupe vilevile, akazitoa kwa koleo akazizika kwenye theluji bila kumwambia mtu.

Kesho yake boila ikachemka tena, na safari hii haikugonga tu. Anipa alikuwa jikoni akikanda unga aliposikia mtoto analia, kilio chembamba cha mtoto mwenye njaa, akapaza sauti, "Mnyonyeshe huyo, mbona unamwacha?" Hakujibiwa. Akaenda na unga mikononi. Kuchuk alikuwa amelala fofofo, ngumi shavuni. Burulcha alikuwa ameketi wima, amekodolea macho rejeta iliyo ukutani, na kifuani gauni lake lilikuwa limelowa pande zote mbili.

"Mama," akanong'ona, "analia humo ndani. Maziwa yangu yanamtokea. Siwezi kuyazuia."

Anipa akasimama pale mlangoni, na kilio kikaendelea ndani ya chuma, kikipita chini ya dirisha, kikizunguka pembe ya chumba kufuata bomba, kikienda jikoni na kurudi, mara kwa nguvu na mara kwa kwikwi, jinsi mtoto anavyolia anapobebwa huku na huku na mtu ambaye hajui la kufanya, na maziwa yakaendelea kumtoka yule msichana hadi yakachuruzika mapajani, naye akalia kwa aibu kama aliyefanya kosa.

"Ni hewa," Anipa akasema. Akafuta unga wa mikononi kwenye gauni. "Sadyr kasema ni hewa."

Sadyr aliporudi hakutania. Alipima kila kitu upya: pampu nzima, chujio safi, koki wazi, na bado maji yanatoka ya moto na kurudi ya baridi, kana kwamba kuna anayeyanywea njiani. Akapanda darini, kwenye lile tangi ambalo maji yakizidi joto hupanda na kujaa, na yakijaa sana humwagikia nje kwa bomba jembamba. Alikaa huko muda mrefu. Akashuka bila hata kujipangusa vumbi.

"Shangazi, lile bomba la kumwagia nje. Lile nililohamisha majira ya mapukutiko. Njoo nikuonyeshe linapotokea."

Hakuhitaji kuonyeshwa. Anipa alijua.

Zamani bomba lile lilikuwa likimwaga mbele, karibu na ngazi ya mlango. Maji yalikuwa yakiganda, na Burulcha akiwa na tumbo kubwa aliteleza mara moja, kidogo tu aanguke. Ni Anipa aliyemwambia Sadyr alihamishe. Sadyr, kijana wa kisasa, akachukua njia fupi, akalipitisha kwenye ukuta wa nyuma, na mdomo wake ukawa juu ya jaa la majivu. Anipa aliliona siku ile ile. Alitaka kusema kitu, lakini Burulcha alikuwa anaumwa mgongo, na theluji ilikuwa inakaribia, akajiambia atasema kesho.

Huko kwao hata mlevi haendi haja ndogo kwenye jaa la majivu. Mtoto akilikanyaga magharibi hupigwa kofi. Ukimwaga hata masalio ya chai ya moto unasema Bismillahi kwanza, kwa sauti, ili wenyewe wasogee na watoto wao. Kila mtu anajua jaani kuna nyumba za watu usiowaona. Na Anipa, tangu Kuchuk azaliwe, alikuwa akichochea boila kupita kiasi ili mtoto asipatwe na baridi, na tangi lilikuwa likifurika, na kila lilipofurika maji yanayochemka yalimwagika pale bila salamu wala Bismillahi.

Walizunguka nyuma ya nyumba. Jaa lilikuwa limefunikwa barafu nene, isipokuwa chini ya mdomo wa bomba, ambako maji yalikuwa yamechimba shimo. Shimo lile halikuwa la mviringo. Lilikuwa na kichwa, na mgongo uliojikunja, na magoti yaliyokunjwa kifuani. Lilikuwa na kimo cha Kuchuk.

"Toa bomba lako hapo," Anipa alisema. "Leo hii. Lirudishe mbele."

"Natoa, shangazi. Wallahi natoa."

"Na mkwe wangu asijue."

Sadyr alilirudisha bomba mbele. Boila haikujali. Mshale ulibaki juu, mabomba yakaendelea kulia, na kufikia alasiri rangi ilikuwa ikibabuka kwenye rejeta za chumba cha Burulcha, huku rejeta za vyumba vingine zikiwa baridi. Walisogeza kitanda hadi ukuta wa mbali. Walipogeuka, rejeta ya ukuta ule ndiyo iliyoanza kuwaka.

Ndipo Anipa akamwita Moldo Esenaly. Moldo ni jina la heshima ya mtu aliyesoma, na Esenaly alikuwa amesoma, kisha akaongeza mambo yake aliyorithi kwa bibi yake ambayo hayamo kitabuni. Alikuja jua likiwa bado juu, na kikapu cha matawi ya archa, ule mti wa mlimani wanaofukizia nyumba. Aliyawasha, akayapitisha pembeni mwa chumba, moshi mtamu ukatanda. Akaketi mbele ya Burulcha akasoma. Hakufika mbali.

Burulcha alikuwa amempakata mtoto. Akamlaza pembeni kwa upole mno, akakunja shingo upande, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mwanamke mtu mzima aliyelia hadi akakaukiwa.

"Mmemchemsha wangu," ikasema.

Anipa alimnyakua Kuchuk akarudi nyuma hadi mgongo ukagonga ukuta.

"Wewe nani?" Moldo akauliza.

"Jirani. Tuliishi nyuma ya nyumba hii kabla haijawa nyumba. Tuliwavumilia majivu yenu, mifupa yenu, nywele zenu. Wangu alikuwa amelala. Hamkusema hata neno. Watu gani humwaga maji bila kusema neno?"

"Hawakujua."

"Huyo mzee aliona bomba." Kichwa cha Burulcha kikageuka kumtazama Anipa, na macho yalikuwa ya Burulcha, yamejaa machozi, yakiomba msaada, huku mdomo ukiendelea kusema kitu kingine. "Aliona akanyamaza. Nilimbeba wangu, nikampitisha humo ndani ya chuma chenu ili apate joto, maana alikuwa anaungua na wakati huo huo anatetemeka, na alilia humo mpaka asubuhi hii, na tangu hapo anayelia ni mimi."

Maji yakazidi kutokota ukutani.

"Tutakupa kondoo," Moldo akasema. "Mweupe, asiye na doa."

"Nimepoteza mtoto, unanipa nyama?"

"Unataka nini?"

"Unajua ninachotaka. Mikono yangu mitupu."

"Hicho hakitolewi."

"Basi nitawasha. Kidogo kidogo. Mpaka mjue alivyojua wangu." Na Burulcha akaanguka ubavu, na alipozinduka hakukumbuka neno hata moja, ila midomo ilikuwa imemtoka malengelenge.

Moldo alimwita Anipa bandani. Walinong'ona wakiwa wameinama karibu na boila, maana ndipo mahali pekee kelele zilipoweza kuwaficha.

"Ana haki," Moldo akasema. "Hilo ndilo tatizo. Mwenye haki hafukuziki kwa kisomo."

"Sikukuita uje unihukumu, Moldo. Nitazika wa tatu? Niambie la kufanya."

"Anamdai mjukuu wako. Basi asiwe mjukuu wako. Muuze."

Anipa alilijua hilo. Nani hajui? Nyumba inayofiwa na watoto humuuza anayefuata kwa mwanamke ambaye wanawe wote wako hai. Mwanamke yule anamnunua kwa konzi ya pumba za ngano, kisha anamrudisha alelewe pale pale, kama mtu anavyoacha ndama wake kwenye zizi la jirani. Mtoto anabaki ndani, lakini mwenyewe ni mwingine, na balaa likija kudai linakuta jina si lile. Mtaani kulikuwa na wazee wawili waliouzwa hivyo, na wote walikuwa wameota mvi.

"Kumush," Anipa akasema. "Watoto saba, na hata mafua hawajui."

"Kumush ni mzuri. Lakini asipitie mlangoni, mlango wa nyumba ni wa ukoo wenu. Mpitishe mtoto pale palipoingilia shari." Akaonyesha kilango cha mbao ukutani, kile wanachopitishia makaa kutoka nje. "Wewe ndani, yeye nje. Umtoe, achukue, alipe, aseme maneno, akurudishie."

"Hajatimiza arobaini. Hatolewi nje."

"Anatoka mikononi tu. Pumzi moja."

Mfa maji haachi kutapatapa. Anipa alimpigia Kumush simu, na Kumush, mwenye sauti ya puani ambayo ungeijua hata sokoni, akasema, "Nakuja, dada, nakuja. Namaliza kukamua tu." Moldo akaenda chumbani kukaa na Burulcha akimsomea. Sadyr, ambaye aibu ilimzuia kwenda kwake, aliwekwa sebuleni ashikilie koki ya rejeta wazi hewa itoke. Anipa akamvisha Kuchuk kofia mbili, akamfunga blanketi tatu, akaenda kusimama peke yake kwenye banda.

Joto mle lilikuwa la kuunguza kope. Boila ilikuwa ikitikisika kwenye miguu yake. Mshale wa geji ulikuwa umefika mwisho na kukwama hapo, na kila mlio wa bomba Anipa alimgeuzia mtoto mgongo wake, ili kama ni kulipuka imlipukie yeye kwanza, na akahesabu makosa yake yote ya uzazi na ukwe, maneno makali aliyomwambia Burulcha alipozika wa kwanza, kwamba labda hakumfunika vizuri, na akaapa kwamba huyu akipona hatamwambia tena yule msichana neno lenye ncha, na alikuwa bado anaapa kilango kilipogongwa kwa nje.

"Dada! Fungua, nimekuja."

Sauti ya puani. Anipa alitaka kulia kwa furaha. Akavuta komeo, akafungua. Ukungu wa baridi ulikutana na joto la banda ukawa pazia jeupe, na ndani ya ukungu ule alikuwa amesimama mwanamke aliyejifunga shali hadi machoni, kama kila mwanamke aliyetoka nje siku hiyo.

"Haraka," Anipa akasema. "Unayajua maneno?"

"Nayajua."

"Basi sema."

"Namnunua huyu. Si wako tena, si wa mwanao, si wa ukoo huu. Umeuza?"

"Nimeuza."

"Kwa hiari?"

Anipa hakukumbuka swali hilo katika maneno ya zamani, lakini boila ilikuwa inanguruma nyuma yake. "Kwa hiari. Chukua!"

Akampitisha Kuchuk kwenye kilango. Mikono ya nje ikampokea, ikamkumbatia, na kwa muda ambao Anipa aliuona mrefu, mwanamke yule alimwinamia mtoto akamnusa shingoni, akavuta pumzi ndefu sana, jinsi mtu anavyonusa kitu alichokuwa amekipoteza.

"Mpe! Baridi hiyo!"

"Pole, dada. Harufu ya mtoto." Akamrudisha. Kisha akanyoosha ngumi, akafungua konzi juu ya kiganja cha Anipa, kitu cha vuguvugu kikamwagika. "Nitunzie vizuri. Usimwache apate baridi. Nitakuja kumchukua akikua kidogo."

"Ndivyo hivyo hivyo, mwenzangu. Mungu akuzidishie."

Akafunga kilango. Na nyuma yake, kama mtu aliyeshusha mzigo, boila ikatoa pumzi ndefu ikanyamaza. Mshale ukaanza kushuka. Sabini. Sitini. Ukatulia.

Anipa aliingia ndani akicheka na kulia pamoja, akambusu Burulcha kichwani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akampa mtoto. "Satybaldy," akasema kwa sauti kubwa. "Jina lake sasa ni Satybaldy. Ndiyo maana yake: amenunuliwa. Hakuna wa kumdai." Moldo akanyanyua mikono, wote wakapitisha viganja usoni. Sadyr akagusa rejeta moja, akagusa ya pili. Zote vuguvugu, sawasawa, mikono ikakaa bila kuungua. "Na bomba la kurudi nalo limepata moto," akasema. "Maji yanazunguka! Shangazi, katika kazi zangu zote sijaona boila imetulia hivi."

Walikuwa wamekaa kwenye chai mlango wa mbele ulipogongwa.

Kumush aliingia na bakuli lililofunikwa kitambaa, viatu vyake vikiwa vimejaa theluji mpya. "Nisameheni, jamani," akasema kwa sauti yake ya puani. "Ng'ombe kanipiga teke ndoo, nikaanza upya. Haya, pumba ninazo. Mtoto mnanipitishia wapi?"

Sadyr akaweka kikombe chini. Kumush akawatazama mmoja mmoja, tabasamu likimpungua.

Anipa alifumbua kiganja chake cha kushoto, ambacho alikuwa amekifumba tangu bandani kwa kuogopa kumwaga bei ya mtoto. Yalikuwa majivu. Laini, ya kijivu, na bado yana joto.

Moldo aliyagusa kwa ncha ya kidole. Hakukuwa na aya ya hilo. Mtoto hakuibwa wala hakuporwa. Aliulizwa Anipa kama ni kwa hiari, akasema ndiyo.

"Sadyr," Anipa akanong'ona, "nenda kazime boila. Mwaga maji yote. Bora baridi. Zima kila kitu."

Sadyr alikimbia. Walimsikia akifungua mlango wa moto. Walimsikia akikwangua kwa koleo, kisha kimya, kisha hatua zake zikirudi polepole. Alisimama mlangoni, viganja vyake vyeusi kwa vumbi la makaa.

"Shangazi, humo hamna moto. Umeshakufa zamani, hata majivu ni baridi. Nimefungua koki ya chini, halitoki tone. Nimezima na pampu." Akaweka kiganja kwenye bomba la ukutani. "Lakini maji yanazunguka."

Burulcha hakuwa amewasikiliza. Alikuwa akihangaika na mtoto, ambaye tangu arudi hakutaka kunyonya. Alimpa titi la kulia mtoto akageuza uso, akampa la kushoto akaliachia. "Mama," akasema, "mbona ananikataa? Mama, mtoto ana nini?"

Ndani ya rejeta iliyo kando ya kitanda, kwa sauti ya chini, ya mwanamke aliyelia hadi akakaukiwa, kitu kilianza kubembeleza. Mtoto akakigeukia, akafumbua mdomo wake mdogo kuelekea ukutani, akaanza kunyonya hewa.